Sura ya Mama Kwenye Mfuko wa Mkate

Nikisikia mtu akisema mgeni njoo, mwenyeji apone, siku hizi nanyamaza. Sisi mgeni alikuja. Alipanda ndege mbili na basi moja kwa nauli yake mwenyewe, akakaa Bariadi wiki tatu akitushauri bure jinsi ya kuuza mkate, na alipoondoka alilia. Mimi pia nililia, pale stendi, mbele za watu. Nikiyakumbuka machozi yangu yale natamani nijizabe kibao.

Mkate ni wa mama. Alianza kuoka baada ya baba kufariki, alipoona pamba inataka nguvu za mwanaume na bei yake haitabiriki. Alijengewa tanuri la matofali nyuma ya nyumba, akajifunza kwa kuunguza. Mwaka wa kwanza tulikula mikate myeusi mpaka mbwa wakaikataa. Baadaye akaijua hamira, akaujua moto, na watu wakaanza kugonga mlango kabla jua halijachomoza kuulizia kama mkate umetoka. Amezaa mabinti watano. Wanne wameolewa. Mimi wa tano nilikwenda Mwanza nikapata stashahada ya biashara, nikazunguka na bahasha miaka miwili, nikarudi nyumbani kukanda unga.

Waliokuwa wakiubeba mkate kwenda kuuza ni waume wa dada zangu. Shemeji mkubwa anaishi Ngulyati, anakuja na pikipiki kila asubuhi. Wa pili yuko Sola, huyo alichukua mara mbili kwa wiki. Wa tatu yuko hapa hapa mjini, anapeleka kwenye maduka. Wote watatu ni wakwe wa mama, na hapo ndipo pa kuelewa vizuri, kwa sababu hapo ndipo nilipoharibu.

Kwa Wasukuma, mkwe na mama mkwe ni watu wa kupishana. Wapo walioyaacha hayo, hasa mjini, wanakaa meza moja na wakwe zao wakipiga soga. Mama yangu hajayaacha. Hampi mkwe mkono, hamtazami usoni, hali chakula mbele yake wala mkwe hali mbele ya mama. Wakikutana njiani mmoja anaiacha njia. Anayedhani huo ni uadui hajaelewa kitu, maana hiyo ndiyo heshima yenyewe, na kwa mama heshima hiyo ni kubwa kuliko shikamoo elfu moja. Kwa hiyo kila asubuhi shemeji wa Ngulyati alizima pikipiki nje ya uzio wa minyaa, akakohoa. Mama akaacha alichokuwa akifanya akaingia ndani. Mimi nikatoa kreti nikamkabidhi, na salamu zao zikapitia kwangu.

"Mwangaluka. Mwambie mayu namsalimu."

"Mama, shemeji anakusalimu."

"Mwambie wabeja. Wajukuu hawajambo?"

Ukuta ni mwembamba, kila mmoja anaisikia mwangaluka ya mwenzake ya asubuhi na wabeja yake ya shukrani. Hata hivyo mimi narudia, naye anangoja nirudie. Miaka tisa mambo yalikwenda hivyo, na katika miaka hiyo tisa sikuwahi kusikia ugomvi baina ya mama na wakwe zake. Nionyesheni kampuni yenye kusema hivyo kuhusu wasambazaji wake.

Mgeni aliletwa na afisa mmoja wa mradi, kijana mwenye kishikwambi, aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine na asiyejua Kisukuma hata cha kuombea maji. Alituambia kuna mtaalamu mstaafu kutoka nchi za baridi, ameuza bidhaa kubwa kubwa maisha yake yote, sasa anajitolea kusaidia biashara ndogo za kifamilia. Mama akauliza atakula nini. Ndilo swali pekee aliloliuliza. Mimi nikaambiwa nitakuwa mkalimani, na nisiwe mnafiki, nilifurahi mno. Hatimaye kulikuwa na mtu atakayekaa jikoni kwetu na kuzungumza nami maneno niliyosomea.

Alikuwa mzee mzuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu mtu mbaya ungemtukana ukalala. Aliamka saa kumi alfajiri kama sisi, akavaa aproni, akakanda mpaka jasho likamtiririka puani. Alikula ugali na mlenda bila kukunja uso. Siku ya pili tu alisema tuoke mara ya pili mchana, ili watumishi wakitoka ofisini jioni wakute mkate wa moto, na jambo hilo lilikuwa kweli tupu, tunalifanya hadi leo. Lakini alikuwa na ugonjwa wa kuuliza hadithi. Hadithi yenu ni ipi? Mkate huu una hadithi gani? Nilimtafsiria mama. Mama akanitazama kama nimelewa. Akasema, "Mwambie watu wana njaa."

Asubuhi yake ya kwanza kabisa, shemeji wa Ngulyati alikohoa nje, mama akapangusa mikono akaingia ndani. Mgeni aliona. Baada ya muda shemeji wa mjini akafika, mama akaingia tena. Mzee wa watu akaniuliza, kwa upole, kwa nini mama anakimbia kila wanapokuja wale vijana.

Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni. Lingechukua dakika tano. Lakini nilimtazama yule mzee na daftari lake, nikajitazama mimi na stashahada yangu, nikaona nitaonekana mtoto wa porini, binti wa watu wanaojificha wasionane na wakwe. Nikaona haya. Nikasema, "Mama yangu ana haya tu. Hapendi kuonekana na watu."

Akaandika. Nilimwona akiandika, nikamwacha aandike.

Kutoka hapo kila kitu kilikwenda kwenye njia yake, kama ng'ombe aliyeonyeshwa geti. Mgeni alilala na jambo hilo, na kesho yake akabandika karatasi kubwa ukutani. Akasema ameona tatizo letu. Mwenye mkate hajulikani. Mkate ni mzuri, lakini umefungwa kwenye mfuko mtupu usio na jina wala sura, na mama mwenye mikono ya dhahabu anajificha nyuma ya mlango. Watu hununua kwa watu, alisema, na akapigia mstari mara mbili. Haya ya mama ndiyo inayotuzuia. Tiba yake ni kumtoa mama mbele: sura yake ichapishwe kwenye kila mfuko, kubwa, akicheka. Kama mama mwenyewe haoni raha kusimama mbele za watu, basi sura yake itasimama badala yake.

Afisa alipiga makofi. Alisema hiyo ndiyo chapa. Nami, niliyejua kwamba kila mfuko mmoja wa mifuko ile ungepitia mikononi mwa wakwe wa mama, niliinama nikaandika neno chapa kwenye daftari langu. Ningeweza kusema pale pale. Ila ningelazimika kusema kwanza kwamba jana nilidanganya, na kwa nini nilidanganya, na mbele ya afisa. Nikajidanganya kwamba picha si mtu.

Mama hakuwa mjinga. Nilipomweleza, aliuliza papo hapo, "Na wakwe zangu?"

"Mama, ni picha tu. Si wewe."

"Wataibeba?"

"Watabeba mkate. Picha iko juu ya mfuko tu. Siku hizi ndivyo ilivyo, kila kitu kina picha. Mgeni ametoka mbali, ameuza vitu duniani kote. Anajua."

Mama aliubonyeza unga kwa kidole kuona kama umeumuka. Kisha akasema neno ambalo sitalisahau. Akasema, "Wewe ndiye uliyesoma." Aliliamini hilo. Aliuza ng'ombe wa mahari za dada zangu ili nisome, na sasa akaiamini elimu iliyonunuliwa kwa ng'ombe wale.

Alipigwa picha amevaa kilemba cha kijani. Alikataa kucheka mpaka mgeni akajipaka unga puani, ndipo akacheka, na wakaikamata ile. Mifuko ikachapwa Mwanza, ikafika siku mbili kabla mgeni hajaondoka. Jumapili alasiri tukafanya kasherehe uani: afisa, majirani, mgeni, na mikate ishirini iliyofungwa kwenye sura ya mama. Wakwe hawakualikwa, maana mama angekuwepo. Hakuna aliyeuliza mbona wabebaji hawapo. Afisa alipiga picha nyingi za kuweka kwenye ripoti. Jumatatu hatukuoka, tulimsindikiza mgeni stendi, na hapo ndipo nilipolia kama nilivyosema.

Jumanne asubuhi shemeji wa Ngulyati akakohoa nje ya uzio.

Nilitoa kreti. Juu kulikuwa na sura za mama zimepangwa safu kwa safu, zote zinacheka, zote zinamtazama. Shemeji aligeuza uso kwa nguvu mpaka kofia ikamdondoka. Alisimama hivyo, akitazama barabarani, mimi nimeshika kreti. Nikamwambia ni ushauri wa mtaalamu. Hakumtumia mama salamu. Alilipokea kreti bila kuliangalia, akavua koti lake akalifunika, akalifunga nyuma ya kiti, kisha akaketi mbele yake akaondoka.

Alijaribu siku mbili. Hilo nalisema kwa heshima yake, maana wa mjini na wa Sola walikataa siku ile ile, mmoja kwa kunyamaza na mwingine kwa simu. Shemeji mkubwa alijaribu kwa sababu alijua mama anategemea mkate, na mkate unamtegemea yeye. Lakini Ngulyati ni sehemu ya watu wanaojuana, na watu wanaojuana hawana huruma kwenye utani. Alipofunua kreti gulioni, mmoja akauliza, "Leo mama mkwe bei gani?" Wa pili akasema, "Mimi nipe mkwe mmoja, ila asiwe ameungua." Wakacheka mpaka wakashika miti. Siku ya pili walikuwa wakimngoja. Mtu alinunua mkate, akaupasua mfuko mbele yake katikati ya pua ya mama, akamega, akamnyooshea kipande: karibu, tumle mkweo. Shemeji aliliacha kreti pale pale gulioni, akapanda pikipiki, akaenda nyumbani akalala mchana kutwa.

Haya sikuyasikia kwake. Aliyetuletea ni dada mkubwa, mkewe, alipokuja Alhamisi amebeba kreti tupu kichwani. Alimsalimu mama vizuri, akampeleka kitandani kwa sababu mama alikuwa na maumivu ya mgongo, kisha akanifuata kwenye tanuri.

"Mdogo wangu, ulimi wako ulikuwa wapi?"

Nikamwambia mgeni hakujua. Akaniambia hakumuuliza mgeni. Aliniuliza mimi. Akaniambia mumewe hali tena mkate nyumbani kwake, na watoto wanashangaa, na kwamba hata Malampaka, kwa dada yetu wa nne, habari imefika na nyimbo zimeshatungwa. Nilipofungua mdomo nijitetee aliinua mkono, na nilidhani atanipiga. Angenipiga ningeshukuru.

Kwa wiki mbili mkate ulilala. Tuliweza kuuza pale mlangoni na kwa watumishi wa jioni, hao hawakuwa wakwe wa mtu, waliipenda sana mifuko. Walikula wakatupa. Bariadi haina upungufu wa upepo. Sura ya mama ilipepea barabarani, ikanasa kwenye miiba, ikalala mtaroni kifudifudi. Mbuzi wa jirani walitafuna kilemba cha kijani. Mtu mmoja aliutumia mfuko kuzibia tundu la choo chake cha nje, na mama aliuona, kwa sababu mama huona kila kitu. Jumamosi moja nilimkuta barabarani ameinama na mgongo wake ule, anaziokota moja moja, anazipangusa kwa ncha ya kanga, anazikunja. Niliinama nimsaidie. Akaniambia, bila kupandisha sauti, "Acha. Mgeni hakujua. Wewe ulijua."

Nilikasirika. Sijui niandike vipi nieleweke: nilikasirika kama mtu aliyeonewa. Nilimkasirikia mgeni, mtu wa miaka zaidi ya sitini aliyekaa wiki tatu bila kumuuliza mtu mwingine yeyote swali lile lile. Nilimkasirikia afisa, ambaye nilipokwenda ofisini kwake alisema jamii ingetoa maoni mapema, kisha akaniomba picha zaidi. Niliwakasirikia wale wacheshi wa gulioni na vichwa vyao vitupu. Niliwakasirikia hata mbuzi. Hasira ilinifaa, maana ilinipa mahali pa kutazama pasipokuwa mimi.

Katikati ya hayo mgeni aliniandikia kwenye simu. Aliuliza sura mpya ya mkate inapokewaje. Alisema ameionyesha picha ya mama kwa watu wa kwao kwenye mkutano, na wote wamempenda, na kwamba anajivunia kumsaidia mwanamke mwenye haya kujitokeza. Nilikuwa na matusi yaliyokamilika ya kumpelekea. Nikamwandikia kwamba mambo yanakwenda vizuri sana, asante, mama anakusalimu. Mama hakumsalimu. Uongo wangu wa kwanza kwa mzee yule na wa mwisho ulifanana kama maandazi ya sufuria moja.

Wiki ya tatu mama aliamka akaoga, akavaa kitenge cha kanisani, akasema tunakwenda Ngulyati. Mama mkwe haendi kwa mkwe kuomba radhi. Sijawahi kuona. Nilimwambia tutume wazee. Akasema aibu hii haikuletwa na wazee.

Dada alitupokea bila kunitazama. Alimwekea mama kigoda nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, ukutani. Shemeji akaketi upande wa mbele, kwenye kizingiti cha mlango. Kati yao kulikuwa na kona ya nyumba, na kwenye kona hiyo nikasimama mimi, mahali pekee pa kuwaona wote wawili. Walikuwa karibu kiasi kwamba mmoja akipumua mwenzake anasikia.

"Mwambie nimekuja kwa ajili ya ile picha," mama alisema.

"Shemeji, mama anasema amekuja kwa ajili ya ile picha."

"Mwambie namsikiliza."

Nikamwambia mama. Mama akatazama mikono yake.

"Mwambie ni mimi niliyekubali. Hakuna aliyenidanganya."

Nikamwambia shemeji kwamba mama anasema ni yeye aliyekubali. Nikaishia hapo.

"Mwambie yote," mama alisema.

Nilishindwa. Mama alikuwa ametembea mpaka kwa mkwe wake, jambo ambalo mwanamke wa heshima yake hafanyi, ili aniokoe mimi kwa uongo, na uongo wenyewe ulitakiwa upitie mdomoni mwangu. Sikuufikisha. Nilimwambia shemeji, "Ni mimi. Mgeni aliniuliza siku ya kwanza kwa nini mama anaingia ndani mkija. Niliona haya kumweleza. Nikasema mama ana haya. Mambo yote yakatoka hapo. Na mama aliponiuliza kuhusu ninyi, nilimwambia picha si mtu."

Dada aliacha kuchochea moto. Shemeji aliinua kichwa akanitazama, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile. Hakuonekana na hasira. Alionekana kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuufunga kwenye pikipiki.

"Mwambie mama mkate nitabeba," alisema. "Kwenye mifuko ile ya zamani. Na hawa wenzangu nitaongea nao. Ila wewe usinikabidhi tena. Na salamu zangu kwa mama na zake kwangu zisipitie kwako. Atafute mtu mwingine."

Nilibaki nimesimama pale konani. Mama alikuwa hatua nne kutoka kwangu. Alikuwa amesikia kila neno, la kwangu na la mkwe wake. Angeweza kunihurumia akasema basi, imetosha. Alirekebisha kitenge magotini, akangoja.

Nikamgeukia.

"Mama, anasema mkate atabeba, kwenye mifuko ya zamani, na ataongea na wenzake. Anasema mimi nisimkabidhi tena."

"Na salamu?" mama aliuliza.

"Na salamu zisipitie kwangu."